Nondo mdogo anayemaliza nyanya

Wengi mmetuuliza ni ugonjwa gani huu unaochoma nyanya, dawa inapigwa mpaka pesa ya kikundi inaisha na bado. Jamani, si ugonjwa. Ni kiwavi, mtoto wa nondo mdogo ambaye wataalamu humwita Tuta absoluta. Ndugu zetu wa Tanzania wamempa jina Kantangaze, yaani nenda ukanitangaze!

Kwao ni Amerika ya Kusini. Mwaka 2006 alionekana Hispania, akashuka Afrika ya Kaskazini, na 2014 alikuwa ameshafika Kenya. Husafirishwa na nyanya zenyewe, miche na makreti. Kreti ikitoka Daraja Mbili au Keroka, ioshwe kabla haijaingia shambani.

Nondo mwenyewe ana urefu kama punje ya mchele, rangi ya majivu, na madoa meusi mabawani. Mchana hujificha katikati ya majani, usiku ndio huruka. Jike mmoja aweza kutaga mayai hata 260.

Kiwavi akianguliwa hutoboa jani na kula nyama ya ndani, akiacha ngozi ya juu na ya chini. Inua jani hilo uliangalie kwenye jua: utaona doa pana, jeupe, na mavi meusi ndani, pengine na mwenyewe yumo. (Mstari uliopinda kama nyoka ni kazi ya inzi mwingine, msiwachanganye.) Baadaye huingia kwenye shina na tunda, na nyanya inaoza.

Anakula jamii yote ya nyanya: viazi, biringanya, na hapa ndipo sisi wa Kisii na Nyamira tunashikwa, hata rinagu. Mama anang'oa nyanya zilizoharibika, lakini managu yako pale kando ya shamba. Mdudu anahamia huko na kungoja nyanya za msimu ujao. Hatusemi muache kupanda rinagu. Pandeni mbali na nyanya, na mkague majani yake pia. Mahindi, sukuma wiki na chinsaga hana haja nayo, basi hizo zifuate nyanya.

Dawa haimfikii vizuri akiwa ndani ya jani, na akipigwa ileile kila wiki anaizoea. Kubadilisha jina la chupa hakusaidii kama dawa ya ndani ni moja. Ulizeni afisa wa kilimo.

Kazi kubwa ni ya mikono. Chumeni majani na matunda yenye matundu kila wiki, mfukie shimo la nusu mita. Ukiyatupa juu ya rundo la mbolea unamfuga. Usiku, beseni ya maji yenye sabuni chini ya taa hunasa nondo kadhaa.

ICIPE nao walileta nyigu mdogo kutoka Peru mwaka 2017, ambaye hutaga mayai ndani ya kiwavi huyu na kumuua. Nyigu huyo pia hufa kwa dawa kali.