Malaria ya Mlimani: Yahesabiwaje Kabla Haijafika?

Kila mwaka, mvua kubwa za Machi hadi Mei zikipita, zahanati za Kisii na Nyamira hupokea watu wengi wenye homa. Mkulima aliye kwenye foleni hujiuliza: je, hii ni homa ya kila mwaka, au ni mlipuko? Swali hili si dogo. Homa ikiwa ni ya kawaida, dawa zilizowekwa akiba huenda zikatosha. Ikiwa ni mlipuko, dawa zaweza kwisha upesi, na baba na mama watalala kitandani pamoja na watoto wakati majani chai yanangoja kuchumwa.

Sisi wa mlimani tuna sababu ya kuuliza. Katika upimaji wa malaria uliofanywa Kenya mwaka 2015, watoto 27 katika kila 100 wa eneo la ziwa walikutwa na vijidudu vya malaria. Katika nyanda za juu, ambamo sisi tumo, walikuwa 3 tu katika kila 100. Hiyo ni habari njema, lakini ina upande wa pili. Mtu aliyekua karibu na ziwa ameumwa na mbu wenye malaria tangu utoto, na mwili wake umejifunza kupigana. Mwili wa mtu wa mlimani haukujifunza. Malaria ikipanda huku, hata mwenye nguvu za kulima ekari nzima yaweza kumwangusha.

Basi wataalamu hujaribu kuhesabu hatari mapema. Hesabu yao huangalia mambo mawili kwa pamoja, yaani mahali na wakati. Wao huifanya kwa kompyuta, lakini msingi wake waweza kuufuata kwa kalamu na karatasi.

Mbu akinyonya damu yenye malaria hawezi kumwambukiza mtu mwingine siku hiyo hiyo. Vijidudu lazima kwanza vikomae tumboni mwake, na kukomaa kwao kwategemea joto. Kanuni yake imo katika kitabu cha T. S. Detinova kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1962. Chukua joto la wastani la mahali, utoe 16. Kisha gawanya 111 kwa kile kilichobaki. Jibu ni idadi ya siku.

Tuseme shamba lako liko bondeni na joto ni digrii 20. Toa 16, zabaki 4. Gawanya 111 kwa 4, utapata karibu siku 28. Sasa panda mlima mita 300. Kila mita 100 za kupanda hupunguza joto kwa kama sehemu sita za digrii kumi, kwa hiyo kule juu joto ni kama digrii 18. Toa 16, zabaki 2. Gawanya 111 kwa 2, utapata siku 55 na nusu. Mbu wengi hufa kabla ya kutimiza wiki nne. Kwa hiyo bondeni wako wachache wanaoishi muda wa kutosha kuambukiza, na kule juu ni shida kumpata hata mmoja. Ndiyo maana mkulima wa Nyansiongo au Lietego, ambako ni juu kuliko mji wa Kisii, aweza kukaa miaka mingi bila malaria kubwa nyumbani kwake.

Lakini usistarehe. Ukija mwaka wenye joto, digrii 2 zikiongezeka kule juu, hesabu ya mlimani hugeuka kuwa ile ile ya bondeni. Shamba halikuhama, ila wakati umebadilika. Hapo ndipo utaona kwamba mahali peke yake hapatoshi kuhesabu hatari, wala mwezi peke yake.

Mvua nayo ina hesabu yake. Maji yakituama, mbu hutaga, na katika baridi yetu viluwiluwi huchukua wiki mbili au zaidi kuwa mbu. Ongeza siku 28 za vijidudu kukomaa, kisha siku kumi au wiki mbili za ugonjwa kujificha mwilini mwa mtu. Jumla yafika miezi miwili. Mvua ya Aprili huonekana zahanati mwezi wa Juni. Umbo la bonde pia lina maana: bonde jembamba lenye mteremko mkali humwaga maji yake upesi, bali bonde pana lenye sakafu tambarare huyaweka.

Pengine utauliza, wataalamu wawezaje kujua hali ya kila kijiji na hawakupima kila kijiji? Hukadiria kwa majirani. Tuseme shule moja iliyo karibu nawe ilipimwa, na watoto 4 katika 100 wakapatikana na malaria. Shule nyingine iliyo mbali ilikuwa na 12 katika 100. Kijiji chako hakikupimwa. Ile ya karibu tuipe uzito wa mara tatu: 4 mara 3 ni 12, ongeza 12 za ile ya mbali, ni 24. Gawanya kwa 4, jibu ni 6 katika 100. Upimaji wa mwaka jana nao hupewa uzito kuliko wa miaka kumi iliyopita. Kisha huongezwa habari za joto, mvua na urefu wa mahali. Kwa njia ya namna hii Abdisalan Noor na wenzake walitoa ramani ya hatari ya malaria ya Kenya nzima mwaka 2009. Ramani ya namna hiyo husema pia ni wapi makadirio yake ni dhaifu. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo la heshima kabisa katika kazi yote hii.

Je, hesabu hizi zimefaa? Tutazame mwaka 2002. Homa ilipanda Kisii ya Kati, Gucha, Nandi na Kericho, na watu wakasema huu ni mlipuko kila mahali. Simon Hay na wenzake walichunguza jambo hilo na kuliandika katika jarida la Lancet mwaka 2003. Waliona kwamba utabiri wa hali ya hewa wa msimu haukuiona ile mvua kubwa kabla haijanyesha. Vitabu vya wagonjwa vilivyojumlishwa kila mwezi navyo havikutoa onyo la kufaa. Kilichotoa onyo kwa wakati ni vipimo vya mvua iliyokwisha kunyesha. Vilionyesha kwamba mvua ya Nandi na Kericho haikuwa ya kawaida, na huko kulikuwa na mlipuko wa kweli. Lakini Kisii ya Kati na Gucha mvua ilikuwa ya kawaida, na homa ilikuwa ile ya kila mwaka.

Fikiria maana yake. Dawa na watu wa kupuliza nyumba wakigawanywa sawasawa kwa wilaya zote nne, wenye mlipuko wangepata pungufu. Na tena, homa ya kawaida huua vile vile, hata kama haiitwi mlipuko.

Yako mambo ambayo mkulima aweza kuyafanya shambani. Mbu wa malaria hupenda maji madogo yaliyo wazi juani: mfereji wa bondeni, shimo la udongo wa matofali, bwawa la samaki lililoachwa. Taarifa ya utafiti iliyotolewa mwaka 2007 yaeleza kwamba tilapia waliowekwa katika mabwawa ya Kisii ya Kati walipunguza viluwiluwi vya mbu wa malaria kwa zaidi ya 94 katika 100 baada ya wiki 15. Mwaka uliofuata ilitolewa taarifa nyingine, kwamba mabwawa yaliyoachwa bila samaki yalikuwa na mbu hao wengi zaidi. Kwa hiyo, ikiwa umechoka na bwawa lako, lifukie. Pia mwaka 2010 iliandikwa kwamba nepia iliyofunika mitaro katika milima ya magharibi mwa Kenya ilipunguza viluwiluwi, maana kivuli huwachukiza. Ng'ombe watakushukuru pia.

Jambo la mwisho ni dogo, lakini bila hilo hesabu yote huharibika. Ukiumwa, nenda upimwe damu kabla ya kumeza dawa. Muuguzi akikuuliza unatoka wapi, usitaje soko wala mji ulioshukia matatu. Taja skimu yako na kijiji chako, siku homa ilipoanza, na kama majuma yaliyopita ulilala pwani ya ziwa kwa ndugu au kwa biashara. Malaria iliyopatikana ziwani ikiandikwa kuwa ya Nyansiongo, dawa zitapelekwa mahali pasipo na mbu. Na kama shule iliyo karibu nawe ina kipimo cha mvua, waombe walimu wasiache kukisoma siku za likizo ya Aprili, kwa kuwa hizo ndizo siku za mvua kubwa.