Nani Hasa Aliyetengeneza Nyonga Hii?

Warsaw, mji mdogo katika jimbo la Indiana nchini Marekani, umeishi kwa mifupa ya watu kwa zaidi ya karne. Revra DePuy alianza huko mwaka 1895 kwa kutengeneza mabanzi ya kufungia mifupa iliyovunjika. Mwaka 1927 Justin Zimmer, aliyekuwa muuzaji wa bidhaa za kampuni ya DePuy, akafungua kampuni yake, na mwaka 1977 ikazaliwa Biomet. Ungedhani goti au nyonga bandia yenye jina la kampuni kubwa kama hizi imetengenezwa yote kwenye viwanda vyake. Sivyo. Sehemu kubwa ya kazi hufanywa na wakandarasi ambao mgonjwa hatasikia majina yao maisha yake yote.

Sababu ya kwanza ni hesabu ya mitambo. Goti bandia huwa la kushoto au la kulia, kila moja kwa saizi nyingi, na husafiri pamoja na seti ya vifaa vya kupimia na kukatia mfupa. Bidhaa mpya inapoingia sokoni, oda za vifaa hivyo huja kwa mkupuo, kisha hupungua. Kampuni ikinunua mashine za kutosheleza msimu huo, baadaye zitakaa bure. Mkandarasi mwenye wateja kadhaa huzijaza kazi mwaka mzima.

Sababu ya pili haizungumzwi sana, nami naiona nzito zaidi: kuna kazi zinazotolewa nje kwa kuwa ni ngumu mno. Kichwa cha seramiki cha nyonga ni mfano. Kukichoma kwa usahihi ni ujuzi wa watu wachache duniani, kwa hiyo kampuni zinazoshindana vikali sokoni hujikuta zinanunua kwa fundi mmoja.

Hatari ya hali hiyo ilijitokeza Ufaransa. Saint-Gobain Desmarquest ilikuwa ikiuza vichwa vya seramiki ya zirkonia, kwa jina la Prozyr, kwa kampuni nyingi. Mwaka 1998 ilianza kutumia tanuru la aina nyingine: badala ya kuchoma vichwa kwa mafungu, vikawa vinapita mfululizo ndani ya tanuru refu. Mchoro wa kichwa ulibaki uleule. Lakini nguvu ya seramiki hutegemea jinsi inavyopashwa joto na kupozwa, na baadhi ya vichwa vipya vikaanza kuvunjika ndani ya miili ya watu. Agosti 2001 vikaondolewa sokoni. Hospitali iliyokuwa ikinunua kwa kampuni mbili au tatu ili kujikinga ilikuwa, bila kujua, inategemea tanuru moja.

Mwelekeo wa sasa unakwenda pande mbili. Wakandarasi wanamezana: mwaka 2014 Tecomet ilichukua biashara ya uzalishaji ya Symmetry Medical. Wakati huohuo, teknolojia mpya ya kuchapa titani tabaka kwa tabaka baadhi ya kampuni kubwa zinaishika zenyewe. Stryker, kwa mfano, imejenga kituo kikubwa cha kazi hiyo karibu na Cork, Ireland.

Sheria ya Ulaya ya vifaa tiba, iliyoanza kutumika Mei 2021, inataka wakaguzi wafike bila taarifa angalau mara moja kila miaka mitano, na inapobidi wafike hata kwa wasambazaji. Ni hatua njema, lakini nafasi hiyo ni kubwa mno. Kutoka tanuru jipya la Prozyr hadi vichwa kuondolewa sokoni ilipita miaka mitatu tu.