Hesabu ina milango mingi

Ndugu Waislamu, kwa miaka mingi wanaofaulu Hisabati katika mtihani wa kidato cha nne nchini hawafiki nusu ya watahiniwa. Mzazi wa Mbagala au Tandale akiona matokeo husema: "Mwanangu hana kichwa cha hesabu." Tuchunge ndimi zetu. Huenda mtoto ameonyeshwa mlango mmoja tu, nao ni kukariri yaliyo ubaoni.

Mtume (s.a.w.) alipofundisha idadi ya siku za mwezi, alionyesha vidole vya mikono miwili mara tatu, na mara ya tatu akakunja kidole gumba, yaani siku 29. Kisha akaonyesha 30 kamili. Namba ilionekana kwa macho.

Tufuate mwendo huo katika mirathi. Marehemu, baada ya madeni kulipwa, ameacha shilingi 2,400,000, mke, mwana mmoja na binti mmoja. Mtoto asiyeelewa thumni ubaoni, mkatie chungwa vipande vinane. Kisha mpe kokoto 24, kila moja ikiwa shilingi 100,000. Mke atapata 3, mwana 14, binti 7. Mwambie achore mafungu hayo, ayaeleze kwa sauti, ndipo aandike namba. Wala tusiwabague watoto, huyu wa kokoto na yule wa ubao. Wote wapitie milango yote.

Al-Khwarizmi wa Baghdad, katika karne ya 9, aliyapa masuala ya mirathi nafasi kubwa ndani ya kitabu chake cha aljebra. Alijua uzito wake. Mjane au yatima asiyeweza kuhesabu fungu lake, atajuaje kwamba amedhulumiwa?

Wabillahi tawfiq.