Bili ya ushauri nasaha: soma mstari kwa mstari kabla hujakata tamaa

Leo naacha siasa na mpira pembeni kidogo, nataka tuongee habari ya karatasi. Ile karatasi unayopewa dirishani hospitalini, unaangalia jumla ya chini, unaguna, unaikunja na kuitia mfukoni. Mimi nimemaliza kidato cha nne tu, si daktari wala mhasibu, lakini hii imetokea nyumbani kwetu na nimejifunza kitu.

Binamu yangu anakaa Kisarawe, njia ya Maneromango. Ni dereva wa bodaboda. Alipata ajali, mguu ukapona, ila usingizi ukamkimbia. Akisikia honi ya lori anatetemeka, pikipiki hataki hata kuiona. Watu wakaanza maneno, mara kalogwa, mara kachanganyikiwa. Shangazi akampa nauli aje kwetu Kibaha, tukampeleka kituo kimoja cha binafsi (jina naliacha, sitaki ugomvi na mtu) akaongee na mshauri. Wawili tu chumbani, mlango umefungwa. Alitoka ametulia kweli, na usiku ule alilala.

Asubuhi namkuta anafunga begi.

"Dogo, narudi nyumbani. Elfu sabini na mbili kila wiki nitaitoa wapi? Wiki nne ni laki mbili na themanini na nane. Bora nibaki na ndoto zangu."

Jamani, iliniuma. Nikaiomba ile karatasi. Ilikuwa hivi:

Faili jipya: 5,000
Kumwona daktari: 15,000
Ushauri nasaha, mtu mmoja, dakika 30 x 2: 40,000
Dawa: 12,000
Jumla: 72,000

Haya, twende mstari kwa mstari.

FAILI. Hii ni ya kuandikishwa. Kwa kawaida analipa mgeni, sio kila anayerudi. Uliza tu faili lako linadumu muda gani.

KUMWONA DAKTARI. Siku ya kwanza daktari anakuuliza historia, anakupima, ndio anaamua umwone mshauri. Hiyo ni kazi moja, na kukaa na mshauri ni kazi nyingine. Kama wiki ijayo unaenda kwa mshauri moja kwa moja, uliza kama mstari huu utarudi.

USHAURI NASAHA. Hapa ndipo penyewe. "Mtu mmoja" maana yake hukukaa kwenye kikundi, mshauri alikuwa wako peke yako. "Dakika 30" ndicho kipimo chao cha kuuzia, na pale kwao kipimo kimoja ni 20,000. Sasa "x 2" ni vipimo viwili, yaani saa nzima. Lakini binamu aliingia saa nne kamili, na saa nne na dakika 25 alikuwa nje. Najua kwa sababu nilikuwa kwenye benchi nacheza gemu kwenye simu, na nilikuwa sijafika mbali!

Kuuza maongezi kwa dakika sio ajabu ya hapa kwetu. Ndugu zetu walioko Marekani wanaona kwenye bili zao namba ya tarakimu tano. 90832 ni maongezi mafupi ya mtu mmoja, yanayohesabiwa kama nusu saa, kuanzia dakika 16 hadi 37. Dakika 38 hadi 52 ni 90834, na kuanzia 53 kwenda juu ni 90837. Muda ukibadilika, namba inabadilika, na pesa pia. Kwetu usitegemee kuziona namba hizo, lakini swali ni lile lile: nimekaa dakika ngapi, na nimeandikiwa ngapi?

DAWA. Angalia ni za siku ngapi. Zake zilikuwa za mwezi mzima, kwa hiyo 12,000 hairudi kila wiki.

Basi tukarudi kaunta. Hatukupiga kelele. Nikasema, "Dada samahani, naomba unisaidie kuielewa hii x 2." Akafungua kompyuta, akampigia simu mshauri, kumbe iliingizwa mara mbili. Tukarudishiwa 20,000 na risiti mpya. Nikauliza, akija tena ni shilingi ngapi? Akasema 20,000 tu, daktari atamwona tena baada ya mwezi.

Piga hesabu mwenyewe: 52,000 siku ya kwanza, jumlisha 60,000 za mara tatu zinazofuata. Ni 112,000, sio 288,000. Bado ni pesa nyingi kwa mtu asiyefanya kazi, sikatai. Ila mtu alikuwa anaacha tiba kwa sababu ya pesa ambazo hadaiwi.

Na kama hata hiyo huna? Anzia hospitali ya serikali iliyo karibu. Kisarawe kuna hospitali ya wilaya, Kibaha kuna Tumbi ambayo ni ya rufaa ya mkoa. Nauli nayo ni bili, usivuke wilaya kama huduma ipo kwenu. Serikalini tumekuwa tukichangia gharama tangu 1993, lakini utaratibu wa msamaha upo. Asiye na uwezo anaonana na afisa ustawi wa jamii pale pale hospitalini, na barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji inasaidia sana. Ukilipa, lipa kwa namba ya malipo (wengi tunaiita kontroo namba) na udai risiti. Usimpe mtu pesa mkononi.

Wenye bima, mfuko wa NHIF uliundwa kwa sheria ya 1999, na mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Lakini kuwa na kadi peke yake hakutoshi. Uliza kabla hujaingia: ushauri nasaha umo? Mara ngapi? Nahitaji rufaa? Na usisaini fomu tupu, soma kwanza wameandika umepata nini.

Binamu amekwenda mara tatu sasa. Pikipiki bado hajapanda, lakini juzi alisimama barabarani Maili Moja malori yakipita, akanunua mahindi ya kuchoma, akala. Kuongea na mshauri sio uchizi, wadau, na kuuliza bei sio ushamba.

Je, wewe yamekukuta? Tupia maoni hapo chini, ila jina la mgonjwa usiliandike.