Gemu Inapokwama Sindo: Kuitafuta Kasoro ya Mtandao Kuanzia Nyumbani

Gemu ya mtandaoni huharibika kwa njia tatu ambazo mchezaji aghalabu huziona kuwa moja. Ya kwanza ni kuchelewa: muda ambao pakiti ya data huchukua kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye seva ya gemu na kurudi. Muda huo hupimwa kwa milisekunde na huitwa pingi. Ya pili ni kuyumba, pale pingi inapokuwa 60 kisha ghafla 300, kisha 60 tena. Ya tatu ni pakiti kupotea njiani. Kuchelewa kusikobadilika huzoeleka. Mwenye pingi ya 120 iliyotulia hucheza kwa raha kuliko mwenye 50 inayorukaruka. Kuyumba humfanya mpinzani aonekane akihama kwa kudunda, na pakiti zikipotea, risasi hufyatuliwa bila kuhesabiwa.

Picha inayoganda huku pingi inayoonyeshwa na gemu yenyewe imetulia si tatizo la mtandao. Hapo kompyuta imelemewa au imepata joto, na joto la mwambao wa Ziwa Victoria halisaidii feni iliyojaa vumbi.

Ukubwa wa bando ndio hulaumiwa kwanza, mara nyingi bila kosa. Gemu nyingi, zikiisha kupakuliwa, hutumia chini ya megabiti moja kwa sekunde. Feri ya Ziwa Victoria kutoka Mbita hadi Luanda K'Otieno inaweza kuongezewa nafasi ya magari, lakini ziwa halitapungua upana kwa sababu hiyo. Kununua kasi zaidi ni hivyo hivyo: huongeza nafasi, haifupishi safari.

Safari yenyewe ina vipande vinavyojulikana. Kutoka nyumba iliyoko Sindo, katika Suba Kusini, Kaunti ya Homa Bay, pakiti hupita kwenye rauta, ikaruka hewani hadi kwenye mnara, ikasafiri hadi Nairobi, ikashuka Mombasa na kuvuka bahari. Mwanga ndani ya kebo ya faiba huenda kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 100 za njia hugharimu milisekunde moja kwenda na kurudi. Nairobi iko kilomita 300 hivi kutoka Sindo: milisekunde tatu tu. Johannesburg iko kilomita 2,900 hivi kutoka Nairobi, kwa hiyo pingi haiwezi kushuka chini ya 29. Kwa Frankfurt, iliyo umbali wa kilomita 6,300 hivi, haiwezi kushuka chini ya 63. Hiyo ni mistari iliyonyooka. Kebo hazinyooki, na pingi halisi huwa kubwa zaidi. Mchezaji anayeahidiwa pingi ya 20 hadi Ulaya anauziwa maneno.

Uchunguzi huanza ndani ya nyumba, kwa kuwa hapo ndipo penye kasoro nyingi na ndipo panaporekebishika bila kumwomba mtu. Katika Windows, dirisha la amri hufunguliwa na kuandikwa ipconfig ili kupata anwani ya rauta, ambayo kwa kawaida huanza na 192.168. Kisha huandikwa ping -n 100 pamoja na anwani hiyo. Kwa kebo, majibu yote yanapaswa kuwa ya milisekunde moja au chini yake. Kwa waifai iliyo nzuri huwa mbili hadi tano. Yakionekana majibu ya 80 au pakiti zinazopotea, tatizo liko kati ya kompyuta na rauta, na hakuna haja ya kumpigia simu mtoa huduma.

Dawa yake mara nyingi ni kebo ya mtandao ya bei nafuu. Pasipowezekana kuivuta, waifai ihamishwe kutoka masafa ya gigahezi 2.4 hadi 5, ambayo huingiliwa kidogo ingawa hayapenyi kuta vizuri. Anayebaki kwenye 2.4 achague chaneli ya 1, 6 au 11, kwa sababu hizo tatu haziingiliani. Chini ya paa la mabati rauta isifichwe kabatini wala nyuma ya friji. Kadi ya waifai ya kompyuta ya mkononi nayo hujipunguzia nguvu ili kulinda betri, na mpangilio huo unafaa kuzimwa wakati wa kucheza.

Rauta ikiwa nzima, kipimo hurudiwa kwa anwani ya 8.8.8.8, ambayo ni ya Google na hujibiwa na kituo kilicho karibu kimtandao. Kipimo hiki kifanywe mara mbili: kwanza nyumba ikiwa kimya, kisha mtu mwingine akitazama video au kupakua faili. Pingi ikiruka kutoka 50 hadi 600 mara tu mwingine anapoanza kupakua, laini imezibwa na foleni yake yenyewe: rauta au mnara umeweka akiba kubwa ya pakiti zinazosubiri, na pakiti ndogo ya gemu imepangwa nyuma yake. Hiki ndicho chanzo kinachosahaulika kuliko vyote, pengine kwa sababu mwenye kompyuta hajui kwamba kuna kinachopakuliwa. Simu hupandisha picha kwenye hifadhi ya mtandaoni. Windows hupakua masasisho, na inaweza hata kuyagawa kwa kompyuta za watu wengine. Mpangilio huo huzimwa ndani ya mipangilio ya masasisho. Rauta yenye uwezo wa kupanga foleni iwekewe kikomo kilicho chini kidogo ya kasi halisi ya laini, ili foleni isijengeke.

Kipande cha hewani kina hulka za Sindo yenyewe. Kwa anayetumia rauta ya laini ya simu, vijiti vya mtandao havitoshi kueleza hali. Ukurasa wa mipangilio wa rauta huonyesha nguvu ya mawimbi kwa kipimo cha dBm: -85 ni nzuri, -110 ni dhaifu. Usafi wa mawimbi, unaopimwa kwa desibeli, ni muhimu vilevile. Ukikaribia sifuri, kelele imelingana na mawimbi yenyewe. Nyumba iliyojificha nyuma ya mwinuko wa vilima vya Gwassi hukosa kuuona mnara. Iliyo ufukweni ina shida ya kinyume. Maji hayana cha kuzuia mawimbi, kwa hiyo rauta inaweza kusikia mnara wa mbali ng'ambo ya ghuba na kurukaruka kati ya huo na wa karibu, na uso wa ziwa huakisi mawimbi yakafika mara mbili kwa nyakati tofauti. Antena ya nje inayoelekezwa kwenye mnara mmoja husaidia katika hali zote mbili, na rauta kadhaa huruhusu kufungiwa kwenye masafa mamoja.

Saa nayo ni ushahidi. Pingi nzuri alfajiri na mbovu kuanzia saa moja hadi saa nne usiku humaanisha mnara umeelemewa na wateja, na hapo antena haitafua dafu. Ni kubadili mtandao au kubadili saa. Kukatika kabisa kwa dakika chache kwa kawaida ni umeme: stima inapoyumba, rauta hujizima na kuwaka upya, na betri ndogo ya rauta huondoa kero hiyo. Radi za alasiri za upande huu wa ziwa ni sababu ya kuchomoa rauta na kebo ya antena, si ya kucheza zaidi. Malalamiko kwa mtoa huduma huwa na uzito yakiambatana na vipimo vyenye tarehe na saa; Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya huyapokea baada ya mtoa huduma kupewa nafasi ya kujibu.

Setilaiti ni njia nyingine. Starlink, iliyoanza kuuzwa Kenya Julai 2023, hutumia setilaiti zilizo kilomita 550 hivi juu, tofauti na za zamani za kilomita 35,786 ambazo pingi yake haishuki chini ya nusu sekunde hivi. Adui wa Starlink ni mti: tawi la mwembe linaloziba sehemu ya anga hukata gemu kwa sekunde moja au mbili, tena na tena.

Kuna kasoro ambayo pingi haiionyeshi. Gemu hufunguka, lakini mchezaji hawezi kuwaalika wenzake wala kusikia sauti zao. Chanzo ni kwamba kampuni za simu hugawa anwani moja ya intaneti kwa wateja wengi. Rauta ikionyesha upande wa nje anwani kati ya 100.64 na 100.127, au inayoanza na 10, kufungua milango ndani yake hakutasaidia kitu. Suluhisho ni kuomba anwani ya umma, ambayo aghalabu hulipiwa. Kubadili DNS, ushauri unaorudiwa kila mahali, hakupunguzi pingi. DNS hutafuta anwani ya seva mara moja, kisha hujiondoa.

Yakiisha hayo hubaki bahari. Amri ya tracert huonyesha vituo vya njiani. Alama ya nyota (*) katikati ya orodha si dalili ya ubovu, maana rauta kubwa nyingi hazijishughulishi kujibu. Cha kuangaliwa ni pale muda unapopanda na kubaki juu hadi mwisho. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika kati ya Kenya na Afrika Kusini, na hakuna rauta ya Sindo ambayo ingerekebisha hilo. Siku kama hizo mchezaji huhamia seva ya upande mwingine. Counter-Strike 2, kwa mfano, ina seva Johannesburg na pia Dubai, na kikomo cha juu cha pingi kinachokubalika huwekwa ndani ya mipangilio ya gemu. Kikishushwa mno, mechi hazipatikani. Kikiachwa wazi, gemu inaweza kumpeleka mchezaji Ulaya bila kumuuliza.