Matayarisho ya Kupanda Kilimanjaro

Katika bara Afrika hakuna mlima mrefu kupita Kilimanjaro. Kilele cha Kibo kimeinuka mita 5,895 juu ya bahari, na mahali pake pa juu kabisa huitwa Uhuru. Mtu aupandaye kwa njia za kawaida hahitaji kamba wala shoka la barafu. Huenda kwa miguu tu, kwanza msituni, kisha penye vichaka, kisha katika jangwa la mawe, hata afike penye barafu. Kwa hiyo wengi hudhani ya kuwa mwenye miguu yenye nguvu ndiye atakayefika. Sivyo. Mara nyingi vijana hodari hurudishwa chini wagonjwa, hali wazee waendao kama kobe huwapita na kufika. Yafaa kuijua sababu yake, maana asiyeijua aweza kufa mlimani.

Sababu ni hewa. Hewa ina uzito, nayo iliyo juu huigandamiza iliyo chini. Mtu aliye pwani, Tanga au Mombasa, yuko chini ya hewa yote, na hewa aivutayo imeshindiliwa kama pamba katika gunia. Kadiri apandavyo, hewa iliyo juu yake hupungua, na ile aivutayo huwa nyepesi. Sehemu ya oksijeni haibadiliki: ni kama 21 katika kila 100, pwani na kileleni sawasawa. Lakini pumzi moja ivutwayo Uhuru ina karibu nusu tu ya oksijeni iliyomo katika pumzi moja ya pwani.

Mwili hujitahidi kuushinda upungufu huu. Pumzi huenda mbio, moyo hupiga upesi, na damu huanza kuongeza chembe nyekundu zichukuazo oksijeni. Kazi hiyo yataka siku nyingi, wala nguvu za misuli haziiharakishi. Kijana mwenye nguvu hupanda upesi kuliko mwili wake unavyoweza kuzoea, na hiyo ndiyo hatari yake. Kwanza kichwa humwuma, chakula humchukiza, hutapika, usingizi humpotea. Hayo si makubwa bado, iwapo atapumzika pale pale asipande zaidi. Lakini akianza kuyumba kama mlevi na kusema maneno yasiyo na maana, ubongo wake umevimba. Akikosa pumzi hata akiwa ameketi, na kukohoa makohozi yenye povu, mapafu yake yanajaa maji. Hapo hakuna kungoja kuche. Hata akipewa oksijeni ya chupa na dawa, lililo kuu ni kushushwa mara moja, ingawa ni usiku wa manane.

Basi tayarisho la kwanza ni kuhesabu siku, kabla ya kununua hata soksi. Waganga wenye elimu ya milima hushauri kwamba mtu akiisha kupita mita 3,000, asilale kila usiku zaidi ya mita 500 juu ya alipolala jana. Na itazamwe njia ya Marangu. Nyumba za Mandara ziko kama mita 2,700, za Horombo 3,700, za Kibo 4,700. Kila siku ni mita 1,000, mara mbili ya kipimo! Ndiyo maana ni busara kulala Horombo siku mbili. Siku ya pili watu hupanda mpaka penye miamba ya milia, kama mita 4,000, kisha hurudi kulala chini. Msafiri bahili huiona siku hiyo kuwa hasara, kwa kuwa kila siku hulipiwa. Lakini akirudi bila kufika, amepoteza fedha zote.

Hans Meyer, Mjerumani, alijaribu mwaka 1887 akashindwa. Mwaka 1889 alikuja tena pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria, akaweka kambi juu mlimani, na wapagazi wakawa wakipandisha chakula kutoka Marangu, hata akaweza kukaa huko siku nyingi. Tarehe 3 Oktoba wawili hao walifika ukingoni mwa shimo la Kibo, wakaona wamechelewa na nguvu zimekwisha. Wakashuka. Tarehe 6 wakapanda tena, wakasimama kileleni. Barafu waliyoichonga siku zile sasa imeyeyuka sehemu kubwa.

Miguu nayo ifundishwe, kwa kupanda vilima na mzigo mgongoni miezi miwili au mitatu, na kwa buti zile zile zitakazovaliwa safarini, maana buti mpya huchubua. Mwenye ugonjwa wa moyo, wa kifua au wa selimundu amwone daktari kwanza.

Baridi yaweza kupigiwa hesabu. Kila mita 1,000 za kupanda, joto hupungua kama digrii 6 na nusu. Moshi ikiwa na digrii 30 mchana, kileleni, mita 5,000 juu yake, ni chini ya sifuri. Usiku huzidi sana. Kwa hiyo huchukuliwa nguo za sufu za kuvaa moja juu ya nyingine, koti la kuzuia mvua na upepo, glavu nene, miwani ya jua na kurunzi. Nguo za pamba zikilowa jasho hazikauki upesi, nazo humtia mtu baridi. Chupa ya maji hugeuzwa kichwa chini, kwa sababu maji huanza kuganda juu.

Sheria ya hifadhi haimruhusu mtu kupanda bila kiongozi. Mzigo wa mpagazi umewekewa kipimo cha kilo 20, lakini yampasa msafiri aulize kabla ya kulipa kama wapagazi wake watapewa chakula cha kutosha na mahali pa kulala. Kuzaliwa Uchagani si kinga; mpagazi mwenye viatu vyembamba hugandamana kama mgeni yeyote.

Kila jioni kiongozi mwema humwuliza kila mtu: Je, kichwa chauma? Umekula? Wengine huficha, wakiogopa kurudishwa. Usiku wa mwisho, watokapo Kibo karibu na saa sita, kiongozi huwatazama jinsi wakanyagavyo kwa mwanga wa kurunzi, na akimwona mmoja anayumba, humtoa mstarini akamkabidhi msaidizi wake, wakashuka wote wawili gizani.