Kuishi Kilifi Mjini: Faida na Gharama Zake

Vijana wengi wa Marereni huhamia Kilifi mjini kusoma au kutafuta kazi. Kabla ya kuhama, mzazi na kijana wapime pande zote mbili.

Faida zipo. Chuo Kikuu cha Pwani, kilichoanza mwaka 2007 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kenyatta, kilipata hati yake mwaka 2013. Kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI-Wellcome kipo tangu 1989, karibu na hospitali ya kaunti. Wanafunzi na wafanyakazi wao hula, hupanga nyumba na kupanda bodaboda, hivyo mwenye biashara ndogo hupata wateja.

Gharama pia zipo. Wenye pesa kutoka nje hununua viwanja karibu na ufuo, na bei ya ardhi hupanda. Chuo kikifungwa, biashara zinazotegemea wanafunzi hulala. Kwa familia inayoishi kwa kibarua cha chumvi, karo ni mwanzo tu: kuna kodi, chakula, maji na nauli.

Kwa hiyo:

- Kagua chumba kabla ya kulipa, uliza kama maji na umeme vimo kwenye kodi, na udai risiti.
- Ukinunua kiwanja, iombe ofisi ya ardhi ithibitishe kwa maandishi mmiliki ni nani. Makubaliano mbele ya mzee wa mtaa si hatimiliki.
- Ulizia basari katika ofisi ya msimamizi wa wadi mapema, kabla muhula haujaanza.